Moto wa Nyuma ya Jiko

Watu wa Matogoro, pale Songea, wana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawawezi kukuambia habari ya msiba. Mengine yote watakuambia. Watakuambia umenenepa, watakuambia mkeo ana kiburi, watakuambia mbwa wako ni mwizi wa mayai. Ila akifa mtu wako, ndimi zote zinaingia baridi. Unapigiwa simu uko Dodoma, unaambiwa baba ana homa kidogo, panda basi uje umwone. Unashuka stendi unapokewa na wanaume ambao hawajawahi kukupokea maishani, mmoja anakubebea begi, mwingine anakununulia soda. Hapo ujiongeze mwenyewe. Homa gani hiyo ya kununuliana soda?

Lakini wanafanya kwa upendo, na mimi siwalaumu. Mtu akiwa njiani haambiwi, asije akaanguka huko hana wa kumshika. Afike kwanza, akae, anywe maji, ndipo aambiwe akiwa amezungukwa na watu wake. Shida ni kwamba utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya watu wanaokuja kwa basi au kwa bodaboda. Ildefonsi Mapunda hakuwa anakuja kwa basi.

Ildefonsi ni rubani. Ndiyo, rubani, mtoto wa Matogoro kabisa, aliyekuwa anachunga nguruwe wa mama yake na kuchapwa kwa kuwapoteza. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akabaki na mama Lidwina na dada yake Hilda, na mama akawasomesha kwa mahindi, nguruwe na ubishi. Ubishi ndio uliofanya kazi kubwa. Ildefonsi akaenda kuwa fundi wa injini za ndege, kutoka ufundi akapanda hadi usukani, akarusha watalii huko kaskazini, wazungu wa kupiga picha tembo mgongoni, mpaka akachoka. Shirika moja la hisani lilipotafuta mtu wa kurusha ndege ndogo ya kubeba wagonjwa kusini huku, akaja mbio. Alitaka kulala karibu na nyumbani.

Siku aliyomwambia mama yake kwamba kazi nyingine zitakuwa za usiku, mama Lidwina alikuwa anapepeta mahindi. Akauweka ungo chini.

"Huko juu usiku unaona nini?" akauliza.

"Nina saa za mitambo za kunionyesha kila kitu, mama. Na taa za mji naziona."

"Na umeme ukikatika?"

Ildefonsi akacheka. Mama hakucheka. Mtu anayeishi Matogoro hawezi kucheka akisikia habari za umeme kukatika, na tena nyumba yake iko chini kabisa ya vile vilima, ambavyo ni vilima vya msitu, virefu, vyeusi usiku kama mdomo wa tanuri. Basi kuanzia siku ile mama akaanza desturi yake. Mwanawe akipiga simu kusema leo narudi usiku, mama anapanga kuni nyuma ya jiko, kando ya migomba, pale ambapo hakuna mti wa kuziba, na giza likiingia anawasha. Moto mdogo tu, wa kuchemshia chai. Anachutama kando yake, amejitanda kitenge, anachochea mpaka asikie ndege imepita. Majirani walimtania sana. Walisema mama Lidwina anamchomea mwanawe mahindi mawinguni. Yeye akawajibu kwamba wao wana watoto wasiorudi nyumbani hata wakiwa na miguu.

Ildefonsi hakumwambia mtu yeyote kazini. Angesema nini? Kwamba pamoja na mitambo yote ile anamtegemea bibi mmoja na kiberiti? Lakini ukweli ni huo. Akitokea kusini, akishauona ule moto chini ya bawa la kushoto, anajua vilima viko wapi, anajua uwanja uko mbele yake moja kwa moja, na moyo unatulia. Saa zinamwambia yuko wapi. Moto ulikuwa unamwambia amefika.

Sasa sikia habari ya usiku ule wa Julai.

Julai ya Songea sina haja ya kuieleza kwa mtu aliyewahi kuoga asubuhi hapa. Ni baridi ya kumfanya mwanaume mzima akae jikoni na wanawake. Jioni ile Ildefonsi aliitwa kijiji cha mbali, kusini kabisa karibu na mto Ruvuma, ambako gari likitoka lingefika Songea asubuhi, na asubuhi ingekuwa kazi bure. Mgonjwa alikuwa binti mmoja, Shakila, uzazi wake wa kwanza. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, mtoto amekaa vibaya, na sasa damu ilikuwa imeanza kutoka. Pamoja na Ildefonsi alikuwepo nesi wa ndege ile, Chiku, mtu wa Tanga, mgeni bado hata ugimbi, pombe yetu ya huku, hajauonja. Wakamfunga Shakila kwenye kitanda kile cha ndani. Mama mkwe wake akashika mlango wa ndege akasema, "Mfikisheni, wanangu. Inshallah mfikisheni," akauachia kwa shida.

Kabla ya kuwasha injini, Ildefonsi akapiga simu ya mama. Akapokea Hilda.

"Mpe mama."

"Mama amelala," Hilda akasema.

"Kalala saa hizi? Mwambie naja, awashe."

Nyuma ya Hilda zilisikika sauti za watu, sauti nyingi, za chini chini.

"Kuna nini hapo? Mbona watu wengi?"

"Ni redio," Hilda akasema. "Uje salama, kaka."

Hilda hajawahi kumwambia Ildefonsi aje salama. Huwa anamwambia aje na sukari. Lakini mgonjwa alikuwa anagumia nyuma, na jua lilikuwa linazama, basi Ildefonsi akaiweka simu mfukoni na kuruka.

Ndege ile ina injini mbili, moja kila bawa, na injini hizo lazima ziimbe sauti moja. Zikiachana kidogo tu, inatokea sauti ya tatu ambayo si ya hii wala ya ile, mvumo unaopanda na kushuka, mmm, mmm, kama mtu anayeimba amefumba mdomo chumba cha pili. Rubani akiusikia anarekebisha, unakwisha. Usiku ule Ildefonsi alirekebisha, ukaisha, ukarudi. Akarekebisha tena. Ukarudi. Jamani, mtu akiwa peke yake gizani na mvumo kama ule, hata awe amesoma mpaka wapi, nywele zinamsimama.

Halafu ikaja harufu ya moshi. Ndani ya ndege, harufu ya moshi ni habari mbaya kuliko zote. Ildefonsi alikuwa amewasha hita kwa sababu ya mgonjwa, na hita ya ndege ile inakunywa petroli, kwa hiyo akaizima upesi, akapapasa kila mahali, akanusa kila mahali.

"Dada Chiku, unasikia moshi?"

"Nasikia baridi tu, Kapteni. Mfunike huyu, anatetemeka."

Ildefonsi akavua sweta lake ampitishie, na alipolivuta kichwani ndipo akajua. Moshi ulikuwa wa sweta. Mama yake alikuwa amelifua juma lile na kulianika juu ya jiko, likakauka kwa moshi wa kuni, kama nguo zote za nyumba ile. Akatamani kucheka. Kicheko hakikuja.

Walipokaribia Songea, juu kulikuwa na nyota na chini hakuna kitu. Ukungu ulikuwa umelala mji mzima. Upande wa Matogoro umeme ulikuwa umekatika. Ildefonsi akaita uwanjani.

Pale redioni usiku huwa anakaa mzee Tadei, jirani wa mama Lidwina, ambaye Ildefonsi anamwita mjomba. Ana mdomo mzee huyu! Kila akiitwa anaanza utani, kwamba rubani amechelewa, kwamba mama yake amemaliza nyama yote amemwachia mchuzi. Wakubwa wamemkanya mara nyingi, hasikii.

"Shikamoo mjomba. Nakaribia kutokea kusini, nina mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa laini, ya kanisani. "Njoo taratibu. Tupo hapa tunakungoja."

Tupo? Tadei hukaa peke yake usiku. Na nyama je? Na mchuzi? Ildefonsi akangoja utani, haukuja.

Akaanza kushuka. Sheria yake ni moja na haina mjadala: ukishuka hadi kiasi fulani hujaona ardhi, unapanda, unakwenda kwingine. Ukungu ukaifumba ndege. Halafu kwa muda mfupi ukafunguka upande wa kushoto, kukatokea tundu, na ndani ya tundu lile Ildefonsi akaona moto.

Ulikuwa mkubwa mno. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu anachoma shamba, tena mjinga wa kuchoma shamba usiku. Wazo la pili likatoka kwenye bati, maana moto ule ulikuwa unaangaza bati la buluu, na bati la buluu lile alilinunua yeye. Moto ulikuwa mbele ya nyumba ya mama yake, uwanjani, wa magogo, na watu wameuzunguka. Pembeni kulikuwa na turubai.

Kwetu moto wa magogo mbele ya nyumba una kazi moja. Wanaume hukaa hapo, wakakesha, mpaka maiti izikwe. Na turubai halifungwi kwa ajili ya homa.

Hivi ndivyo Ildefonsi alivyopata habari ya kifo cha mama yake. Aliipata peke yake, angani, mikono kwenye usukani, huku watu waliompenda wakiwa wamekubaliana kwa uchungu kwamba asiambiwe. Moyo wake ulipasuka. Sina namna nyingine ya kusema. Alisahau ndege, alisahau mgonjwa, alitazama tu ule moto unavyopita, na mikono ikalegea kidogo, na ndege nayo ikainamisha pua.

"Kapteni!" Chiku akapiga kelele. "Kapteni, masikio yangu! Mbona tunakwenda chini hivi?"

Akashtuka. Akavuta, akasukuma injini zote mbili, ndege ikanguruma ikapanda, na tundu lile la ukungu likafumba. Upande wa kulia, mahali fulani mle gizani, Ildefonsi alihisi vilima vikipita. Hakuviona. Alivihisi mwilini tu, kama unavyohisi mtu amesimama nyuma yako.

"Mwanangu, hatukuoni," Tadei akasema redioni. "Ukungu unazidi. Ukiona vigumu, nenda Mbeya."

"Mjomba Tadei. Mama yuko wapi?"

Redio ikakoroma.

"Mama amelala," Tadei akasema.

Maneno yaleyale ya Hilda, kana kwamba walifundishwa darasa moja.

"Dada Chiku," akasema bila kugeuka, "tukienda Mbeya tutafika?"

"Mimi na wewe tutafika," Chiku akajibu. "Shakila hafiki. Damu haijakata."

Shakila alikuwa anasikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, nipelekeni popote, lakini upesi."

Ildefonsi alilia, lakini alilia macho yakiwa kwenye saa zake, na mikono ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Akaizungusha ndege ajaribu mara nyingine, ya mwisho. Kule chini mama yake alikuwa amelazwa, hana haraka tena. Huyu hapa nyuma ndiye aliyekuwa na haraka. Akashuka tena ndani ya ukungu, akitafuta ule moto wa magogo, maana sasa huo ndio aliokuwa nao, msiba wa mama yake umgeukie kuwa taa.

Hakuuona. Kulikuwa na weupe mtupu. Injini ya kulia ikakohoa. Baridi ya ukungu huganda kwenye koo la injini, barafu inaziba hewa, na usipoiwahi inazima. Akavuta kishikio cha kuingiza hewa ya moto, akangoja. Injini ikabaki nyuma ya mwenzake, na ule mvumo ukarudi, safari hii mkubwa, ndani ya mifupa ya ndege. Mmm, mmm. Ildefonsi aliujua. Mama yake alikuwa akitwanga anavuma vivyo hivyo, mdomo umefumba, bila wimbo wowote, na ukimwuliza anaimba nini anasema haimbi. Akafikia kiasi chake cha mwisho. Akaweka mkono tayari kusukuma injini apande.

"Kuna moto," Chiku akasema. Alikuwa kwenye dirisha la kushoto, ameshika chupa ya dripu juu. "Kapteni, kuna moto hapa chini."

"Mkubwa? Wa magogo?"

"Hapana, mdogo. Uko kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Unauona? Unachezacheza."

Ildefonsi alitazama. Aliona ukungu.

"Uko wapi sasa? Niambie uko wapi kwenye bawa."

"Unakuja. Unakuja... sasa uko chini ya bawa. Katikati kabisa."

Hakufikiri zaidi. Alifanya alichokuwa anafanya siku zote moto ule ukifika chini ya bawa la kushoto: akanyoosha pua, akapunguza injini, akashuka. Kukawa na weupe, weupe, weupe. Halafu taa za uwanja zikatokea mbele yake, safu mbili, zimenyooka. Magurudumu yakagusa. Mvumo ukanyamaza.

Gari la hospitali likawachukua Shakila na Chiku bila hata kuagana. Ndipo Tadei akaja, na nyuma yake wanaume watatu wa Matogoro waliovaa makoti. Mmoja akachukua begi la Ildefonsi. Mwingine alikuwa na soda. Nakuapia, alikuwa na soda, kwenye baridi ile.

"Pole na kazi, mwanangu," Tadei akasema, akiangalia viatu vyake. "Sasa, twende nyumbani kidogo. Mama hajisikii vizuri."

"Nimeliona turubai, mjomba."

Wanaume wakatazamana. Tadei, mzee wa watu, akaanza kulia pale pale kwenye lami.

"Tulisahau," akasema. "Tulipanga kila kitu, mwanangu, nani akupokee, nani akuambie. Tulisahau kwamba wewe unatokea juu."

Wakamshika. Alianguka kweli, kama walivyoogopa, lakini alianguka mikononi mwao.

Nyumbani aliingia, akamwona mama yake, akakaa naye. Hilda akamweleza. Alasiri mama alisema kifua kinabana, akaenda kujilaza, hakuamka. Alipolia mpaka akaishiwa, Ildefonsi akatoka kwa mlango wa jiko. Kulikuwa kunapambazuka. Akaenda kwenye migomba.

Kuni zilikuwepo. Zilikuwa zimepangwa vizuri, ndogo chini, kubwa juu, na kiberiti kimefunikwa na kopo. Zilikuwa zimelowa umande. Majivu ya chini yalikuwa ya zamani, baridi, yameshikana.

"Nani aliwasha hapa usiku?" akamwuliza Hilda aliyekuwa amemfuata.

"Nani awashe? Sote tulikuwa mbele," Hilda akasema. "Alizipanga mwenyewe kabla ya kulala. Alisema utakuja usiku."

"Mimi nilikuwa bado sijapiga simu."

Hilda akajifunga kanga vizuri mabegani.

Simu ikalia. Alikuwa Chiku, sauti imechoka na ina furaha. Shakila amepasuliwa, mzima, mtoto wa kiume mzima naye, analia kama amedhulumiwa shamba. Chiku alikuwa hajui lolote. Hakuna aliyemwambia; watu wa Matogoro hawana tabia hiyo.

"Na Kapteni, yule mama mpe asante yangu," akasema.

"Mama yupi?"

"Wa kwenye ule moto. Alikuwa amechutama pale na kitenge chake, anachochea. Alitazama juu kabisa, mpaka nikampungia mkono. Si ndiyo nyumbani kwako pale, ulivyokuwa ukiuulizia ule moto? Si ni mama yako?"

Toka angani usiku, ndani ya ukungu, huwezi kumwona mtu aliyechutama. Rubani yeyote atakuambia hivyo, na Ildefonsi alilijua hilo kuliko wote. Akatazama zile kuni zilizolowa. Mbele ya nyumba wanawake walikuwa wameanza kuimba.

"Ndiye," akasema.

"Basi nipe niongee naye nimshukuru mwenyewe."

Ildefonsi alitaka kumwambia. Alifungua mdomo kabisa. Lakini Chiku alikuwa peke yake kwenye korido ya hospitali, amekesha, mbali na kwao, hana mtu wa kumshika.

"Amelala," akasema. "Ukija nyumbani tutaongea."

Akakata simu, akachutama, akachukua kiberiti chini ya kopo. Kuni zilikuwa mbichi kwa umande na zilimsumbua sana, lakini mwishowe zilishika.